Katuni Nzima, Sauti ya Kuazima

Ee Macho-Kideo, sogea hapa! Hilo jina ni langu. Bibi yangu alinipa nikiwa mdogo, maana nilikaa mbele ya televisheni mpaka pua inagusa kioo. Leo nakuazima wewe unayesoma. Mimi ni Jovonne Gaddis wa Dayton, nina miaka ishirini, natengeneza deki za video zilizokufa. Hakuna aliyenifundisha. Nilizifungua tu kwa bisibisi mpaka zikanizoea. Barua zenyewe hizi hapa, zangu nilizowekea nakala na nilizojibiwa. Soma haraka, mwishoni nina swali, na mwenzio sina muda.

*

Dayton, Ohio
9 Machi 2017

Mzee Hostetter, shikamoo.

Hunijui. Tangazo lako nimeliona kwenye jarida la wakusanyaji, ukurasa wa nyuma, chini ya yule anayeuza vikaragosi vya plastiki. Umeandika: "Bata Grover na Pai ya Dirishani. Filamu. Nzima. Haijakatwa." Nilipiga kelele mpaka paka akakimbia! Nzima kweli? Maana mimi nina kanda nne za katuni hiyo, zote nimeziokota maduka ya mitumba, na zote ni vilema. Bata Grover ananyoosha shingo dirisha la jikoni, pai ya viazi vitamu inafuka moshi, halafu kufumba na kufumbua bata yuko kisimani na sahani kichwani. Katikati hakuna kitu. Wamekata.

Na najua kwa nini. Katikati anatoka mpishi. Wamemchora mweusi kama masizi ya chungu, midomo kama viatu viwili vimelala. Mjomba wangu Lamont aliitwa "mpishi wa bata" shule nzima mpaka akaanza kuwatandika.

Sasa sikia. Sauti ya yule mpishi ni ya Mama Odessa Truitt, mama mzazi wa bibi yangu Verlene. Enzi hizo walikaa Los Angeles, anafua nguo za watu, Jumapili anaimba kanisani. Mtu wa studio akamsikia akiita watoto kula, akamchukua. Jina lake hawakuliandika popote. Lakini naye mjanja! Aliambiwa aimbe "njooni, watoto, njooni," basi. Yeye mwishoni akachomeka jina la binti yake, Verlee kwa kifupi: "Verliiii! Njoo ule kabla hakijapoa!" Wakacheka, wakaliacha. Bibi alikuwa na miaka minane. Wakaenda sinema, mama yake akamwita kutoka kwenye pazia, na Bibi akasimama juu ya kiti akaitika, "Abee, mama!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mama Odessa alifariki Bibi akiwa bado msichana mdogo. Tuna picha yake moja. Sauti hatuna.

Na Bibi ameanza kusahau. Juzi kaliita jokofu "kabati la theluji." Daktari anasema hali itazidi tu. Mwenyewe anajua, na hapo ndipo panapouma. Kaniambia, "Macho-Kideo, kabla sijamsahau, nataka mama aniite mara moja." Ndicho ninachotafuta. Filamu yako sikunyang'anyi, nataka nakala tu. Nipe namba nikupigie leo leo!

Jovonne Gaddis

*

Altoona, Pennsylvania
20 Machi 2017

Binti Jovonne,

Marahaba. Usinipigie. Simu sina. Barua inatosha.

Nikisema haijakatwa, haijakatwa. Nimefanya kazi karakana ya treni hapa Altoona tangu sina ndevu, kazi yangu kupapasa magurudumu kutafuta ufa. Ufa ambao jicho halioni, kidole kinauona. Filamu ni vilevile. Naipitisha taratibu kati ya vidole viwili, tangu kichwa mpaka mkia. Palipokatwa pana mshono, na mshono unakwaruza. Hii ni laini kama tumbo la samaki. Mpishi anatoka, anaimba, anamfukuza bata kwa ufagio. Yote yamo.

Nitakunakilia kwenye DVD. Usinitumie chochote. Hata mimi nilizaliwa na mama.

Neno moja la kizee. Kampuni za siku hizi zikitoa katuni za kale zinatanguliza kadi ya onyo: humu kuna mambo yatakuudhi, tuwie radhi. Sizipendi hizo kadi. Ni kama mtu anakukaribisha chakula huku anakuomba msamaha kwa chumvi. Lakini afadhali kadi kuliko mkasi. Aliyekata alidhani anaondoa uchafu, kumbe anaondoa mama wa watu.

M. Hostetter

*

Dayton
5 Aprili 2017

Mzee wangu,

DVD ilifika wiki iliyopita.

Siku ile Bibi alivaa hereni za kanisani. Nilipika mboga za majani na mkate wa mahindi, nikaweka na pai ya viazi vitamu mezani, moshi unafuka, ili kila kitu kifanane. Mjomba Lamont alikuja, akasimama mlangoni hajavua koti. "Nakaa kidogo tu," anasema. "Yule kinyago sitaki kumwona." Bibi akamjibu, "Lamont, keti au toka. Unamzibia mama njia."

Nikawasha. Bata, dirisha, pai. Na mpishi akatoka! Mzee, nzima kweli kweli, hata ufagio! Niliruka. Bibi akasogea mpaka ukingo wa kochi, mdomo umeshafunguka tayari kuitika.

Wimbo ukaanza. Nikaona tabasamu lake linafifia polepole, kama jiko linaloishiwa gesi.

"Huyo nani?"

"Mama Odessa, Bibi. Si ndiye huyo?"

"Siye. Hajaniita."

Nikarudisha nyuma. Nikaongeza sauti. Akatikisa kichwa. "Hajaniita, mwanangu. Mama hawezi kupita pale asiniite." Akavua hereni moja, akaishika mkononi, akaanza kulia bila sauti. Lamont ndiye aliyezima. Jikoni akaninong'oneza, "Si nilikwambia? Ameshaondoka. Mtu anasahau jokofu, atakumbuka sauti ya alipokuwa na miaka minane?"

Na kusema kweli, hata mimi nimesikia kwa masikio yangu: mpishi anaita "Grover! Rudi hapa, Grover!" Verlee hakuna. Labda habari yote ya jina Bibi aliiota tu, nasi tukaibeba. Nimechelewa, mzee. Asante hata hivyo.

Halafu kuhusu kadi za onyo: wewe ulichorwa kinyago lini? Nilipomwona yule mpishi na Bibi yuko ubavuni mwangu, nilitamani kadi kumi. Ila moja iwe na jina lake.

Jovonne

*

Altoona
11 Aprili 2017

Jovonne,

Kaa kitako kwanza.

Unasema mpishi anaita "Grover." Nimesoma huo mstari, nikainuka, nikaiwasha filamu upya. Mdomo wa mpishi hausemi Grover. Grover unachongoa midomo kama mtu anayepuliza chai ya moto. Huyu meno yake ya juu yanakaa juu ya mdomo wa chini, halafu mdomo unatanuka mpaka mashavuni na unabaki umetanuka. Verliiii. Naliona kama ninavyoliona jina langu juu ya bahasha. Wale wachoraji walikuwa wanapewa sauti kwanza, ndipo wanachora mdomo uifuate. Kwa hiyo aliyeimba mwanzo aliimba Verlee. Baadaye mtu kaja na sauti nyingine, kaibandika juu yake.

Utaniuliza: mzee, umekaa na filamu hii miaka yote, hukusikia kuwa sauti na mdomo vinagombana?

Binti, mimi sisikii. Karakana ilichukua masikio yangu yote mawili wewe hujazaliwa. Ndiyo maana sina simu. Katuni naziangalia tu. Midomo nilijifunza kuisoma kwa mke wangu, Mungu amrehemu, aliyependa sana kuniambia nisiyotaka kuambiwa. Nilikuandikia "haijakatwa," na haijakatwa. Vidole vyangu havikudanganya. Lakini sauti ikibadilishwa haiachi mshono wa kupapasa.

Bibi yako hajasahau kitu. Mwambie leo. Usingoje.

M. Hostetter

*

Dayton
17 Aprili 2017

MZEE!!!

Nimeangalia bila sauti. Verliiii! Ipo! Ipo pale mdomoni, kubwa kama mlango! Nikaweka sauti, ni mwanamke mwingine kabisa, laini, kama anatangaza sabuni. Yaani Bibi alikuwa mzima, sisi ndio tulikuwa viziwi. Samahani! Umenielewa.

Nilikimbia mpaka chumbani kwake nimeshika barua yako. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Bibi, ulisema kweli, hakukuita, walimbadilisha, tusamehe." Akanishika mkono, akaupapasa vizuri sana, kwa adabu. "Asante, dada," akasema. "Wewe ni wa nyumba ya nani?"

Sasa nimwombe msamaha nani?

Mjomba Lamont nimempa barua yako aisome. Aliisoma amesimama. Halafu akaenda gereji, akakaa humo mpaka chakula kikapoa.

Nimeiandikia Fernlight, ile kampuni inayotaka kutoa diski za Bata Grover. Lazima wana sauti ya kwanza. Lazima!

Jovonne

*

Fernlight Video
Idara ya Huduma kwa Wateja
2 Juni 2017

Ndugu Bi. Gaddis,

Tunakushukuru kwa barua zako tatu.

Mkusanyiko wa Bata Grover utatoka Novemba, katuni zote zikiwa nzima, bila kukatwa. Sauti itakayotumika ni ile iliyorekodiwa upya mwaka 1961 kwa ajili ya televisheni, kwa nia njema ya kupunguza maudhi. Sauti ya awali haikuhifadhiwa. Endapo itapatikana katika ubora unaokubalika, tutakuwa tayari kuifikiria kwa matoleo ya baadaye, pamoja na kumtaja mwimbaji.

Kwa kuwa umeulizia onyo, haya ndiyo maneno yatakayotangulia kila katuni: "Utakayoyaona yalichorwa katika zama nyingine na yanaweza kukuumiza. Hatukubadilisha chochote."

Tunathamini upenzi wako.

(Sahihi haisomeki)

*

Altoona
14 Julai 2017

Jovonne,

Barua yao uliyonitumia nimeisoma. "Hatukubadilisha chochote." Nimeibandika jikoni ili nikiwa na hasira nijue sababu.

Mimi sikukaa bure. Niliwaandikia wakusanyaji wote ninaowajua, na hata wale tuliogombana. Mjane mmoja wa Johnstown, marehemu mumewe alikuwa akionyesha katuni kwenye ukumbi wa kanisa, amekuta kasha kwenye chumba cha chini. Bata Grover. Nakala ya kabla ya televisheni. Niliifuata kwa basi. Nikaiweka jikoni, na nyumba nzima ikanuka siki. Nikadhani ni mayai yangu niliyoloweka kwenye siki na bitiruti. Nikafunika chupa, harufu haikuisha. Ni filamu, binti. Filamu za aina hii zikizeeka zinageuka siki. Zikishaanza haziponi.

Sasa sikiliza. Pembeni mwa filamu sauti huwa imechorwa: mstari mweupe wenye mawimbi, kama milima ukiitazama kwa mbali. Nimezilaza filamu mbili sambamba juu ya kioo chenye taa. Picha ni zilezile. Milima siyo. Mpishi anapofungua mdomo kuita, ile yangu ina vilima viwili vifupi. Hii ina mlima mmoja unaopanda, unafika juu, na haushuki. Unabaki juu. Unabaki.

Nimemwona akimwita mwanawe. Mimi kiziwi nimemwona kabla ninyi hamjamsikia. Nisamehe kwa hilo.

Shida ni hii. Filamu imesinyaa na kujikunja kama ngozi ya nyama iliyokaangwa. Vitundu vya pembeni havilingani tena na meno ya projekta. Ukiipitisha, huenda ikaenda mara moja. Huenda ikararuka njiani kabla ya jina. Vyovyote, itakayotokea upande wa pili ni makombo. Kuna maabara inayosoma filamu kwa mwanga tu, bila meno. Nimewaandikia. Foleni yao ni mpaka Aprili mwakani.

Nakutumia filamu, na projekta yangu ndogo. Mimi vidole tu ndivyo ninavyoweza kutoa. Masikio ni yenu.

M. Hostetter

*

Dayton
10 Septemba 2017

Mzee,

Kifurushi kilifika salama. Nimejaribu ujanja wangu wote. Nimepiga picha ule mstari wa milima kwa simu, kipande kwa kipande, nikaviunga kwenye kompyuta nivigeuze sauti. Kwa sababu filamu imejikunja hailali sawa, nimepata kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nimemsikiliza huyo nyuki mpaka namchukia. Nimezipigia maabara nyingine. Mmoja alinicheka, mwingine akanionea huruma, wote wakasema foleni.

Bibi amekonda. Daktari hakutuahidi kuwa atafika Krismasi. Saa ya chakula anainuka ghafla, anaitika, "Abee!" na hakuna aliyemwita. Anakwenda mpaka mlango wa nyuma, anashika fremu, anasikiliza. Ukimuuliza anasema, "Ngoja, ataita tena."

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikajificha nyuma ya nyumba nikaita mimi, "Verliiii! Njoo ule kabla hakijapoa!" Akatoka, akaniangalia kwa huruma. "Umejitahidi, binti," akasema. Akarudi ndani. Nilicheka, nikalia, nikacheka. Kwa hiyo bado anaijua! Lakini kesho yake nilipomuuliza Verlee ni nani, akafikiri sana, akasema, "Nadhani alihama."

Na Mjomba Lamont, yule yule wa "sitaki kuona kinyago," sasa ndiye anayenizuia nisiguse projekta. Tumegombana barazani mpaka jirani akafunga dirisha.

"Ukiiwasha ikakatika, umemuua mara ya pili," ananiambia.

"Nikiipeleka maabara, Bibi hatamsikia!"

"Watamsikia wanangu. Watamsikia watoto wa hao walioniita mpishi wa bata. Jina lake liandikwe pale kwenye kadi yao, Odessa Truitt, herufi kubwa. Huoni hilo?"

"Yeye hakuwaita hao, Mjomba. Alimwita Bibi."

Tukakaa hapo kama magunia.

Wewe ungefanyaje? Niambie, nitafuata neno lako.

Jovonne

*

Altoona
18 Septemba 2017

Jovonne mjukuu wangu,

Neno sina. Nimeandika kurasa tatu nikazichana. Mwanzo nilisema washa. Halafu nikasema funga boksi. Wa tatu niliandika "sijui" mara nyingi.

Ninachojua ni kimoja. Kila nilipofungua kasha kule jikoni, harufu ilikuwa kali kuliko jana yake. Hata kungoja kunaila.

M. Hostetter

*

Basi, Macho-Kideo, hapo ndipo zilipoishia.

Leo ni Jumamosi, mchana, chakula kiko mezani. Mapazia nimeshayashusha. Projekta iko juu ya kigoda, filamu nimeivalisha kwa vidole, taratibu, kama mzee alivyofundisha, na nyumba nzima inanuka siki. Mjomba Lamont amesimama mlangoni, koti hajavua. Mkono mmoja ameshika boksi la posta, ameshaandika anwani ya maabara. Najua nikilikataa boksi lake hatanipiga, na nikilikubali hatanishukuru.

Bibi yuko kwenye kochi. Asubuhi aliniuliza mimi ni wa nyumba ya nani. Lakini sasa hivi, nikiwa nakuandikia haya, ameinua kichwa. Amevaa hereni. Moja tu. Sijui ameitoa wapi, sijui nani alimkumbusha.

"Abee?" anasema, akitazama ukuta mtupu.

Kidole changu kiko kwenye swichi, na boksi liko wazi. Wewe, Macho-Kideo, ungefanyaje?